Umri, Macho na Mizani

(Yafuatayo ni maneno yaliyosemwa na katibu mstaafu wa chama cha msingi mbele ya makatibu na wanachama waliokutana mjini Babati. Tunayachapa kwa manufaa ya vyama ambavyo havikupata nafasi ya kuleta wajumbe.)



Nimeombwa niseme juu ya macho. Mimi si daktari, wala sikusomea kazi hiyo. Nilikuwa katibu wa chama cha msingi kwa miaka mingi, na haya nitakayoyasema nimeyapata kwa njia mbili: mengine kwa madaktari na wauguzi wa macho, ambao niliwauliza maswali mpaka wakanichoka, na mengine kwa aibu yangu mwenyewe. Nitaanza na aibu, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kunifundisha.

Nilipokuwa na umri wa miaka 46, katika msimu mmoja wa mbaazi, wanachama wetu walianza kunung'unika. Mama mmoja alileta gunia ambalo mizani ilionyesha kilo 86, nami katika stakabadhi nikaandika 66. Hakuligundua siku ile, maana hakujua kusoma. Aliligundua siku ya malipo, mwanawe alipomhesabia fedha. Baada yake wakaja wengine watatu. Neno likatembea kutoka ghalani mpaka kilabuni na kutoka kilabuni mpaka kanisani, ya kwamba katibu anawapunja wanachama. Watoto wangu walisikia neno hilo shuleni kabla mimi sijalisikia.

Kamati ikaomba mkaguzi. Alikaa na vitabu vyangu siku mbili, akazilinganisha stakabadhi zangu na daftari la mtunza ghala, mstari kwa mstari. Aliona makosa 11. Katika hayo, sita yaliwaumiza wanachama, na matano yalikiumiza chama, kwa kuwa mwanachama aliandikiwa zaidi ya alicholeta. Karibu yote yalikuwa ya jioni, tulipokuwa tukipokea mzigo kwa mwanga wa taa. Mkaguzi akaniita, akanipa stakabadhi mojawapo, akasema, "Ndugu Katibu, hebu nisomee." Nikaipokea, na bila kujijua nikanyoosha mkono wangu wote na kurudisha kichwa nyuma. Akanitazama, akaniuliza, "Mkono wako ukiisha urefu utafanyaje?" Kisha akavua miwani yake akanipa. Ndugu zangu, tarakimu zilisimama mbele yangu kama askari katika gwaride. Ile niliyokuwa nikiiita sita ilikuwa nane.

Aliporudi mbele ya kamati mkaguzi yule alisema maneno machache: kwamba mwizi hajiibii mwenyewe, na kwamba chama kilikuwa karibu kumfukuza katibu wake kwa sababu ya vioo viwili. Wale waliopunjwa walilipwa upungufu wao. Lakini yule mama ilimchukua misimu miwili kabla hajaacha kuja na mwanawe kusimama nyuma yangu nikiandika, nami sikumlaumu.

Sasa nieleze nini kilichokuwa kimetokea. Ndani ya jicho, nyuma ya ile duara nyeusi tuiitayo mboni, kuna kitu kidogo kiangavu kama maji safi, kimetuna mbele na nyuma. Kinaitwa lenzi. Kazi yake ni kuikusanya nuru na kuifikisha barabara kwenye ukuta wa nyuma wa jicho, ambako picha hupokewa. Ukitazama mbali lenzi hujinyoosha, na ukitazama karibu hujituna zaidi. Ujanani ni laini kama unga uliokandwa vema, na hufuata bila taabu. Miaka inavyokwenda huwa ngumu. Haiugui, wala haikuharibiwa na kusoma sana. Imekomaa tu, kama ubao ulivyokuwa mti mbichi. Madaktari huiita hali hii presbiopia. Sisi tunaweza kuiita macho ya utu uzima, maana haingoji uzee: huanza kuonekana kwa watu wengi karibu na miaka 40.

Daktari Mholanzi aitwaye Donders alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1864, na hesabu za namna yake hufundishwa hata leo. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 7 tu kutoka jichoni. Mtu wa miaka 40 anahitaji sentimita 22 hivi. Wa miaka 50 anahitaji takriban 40, na wa miaka 60 anahitaji karibu mita nzima. Ndiyo maana kila mmoja wetu hufika siku ambayo mikono yake ni mifupi.

Wengine hudhani haya ni matatizo ya wasomi na makarani peke yao. Si kweli, na ushahidi hauko mbali. Katika Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, watafiti waliwapima watu wa vijijini wenye umri wa miaka 40 na zaidi, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Walikuta asilimia 61.7 ya watu hao wana macho ya utu uzima, na wenye miwani walikuwa wachache mno. Kilichonifurahisha mimi ni maswali waliyouliza. Hawakuuliza juu ya kusoma magazeti. Waliuliza juu ya kupepeta nafaka, kuchagua mchele, kupalilia, kuwasha taa, kupika, kuwavalisha watoto. Mwanachama anayeshindwa kutofautisha mbaazi iliyotobolewa na wadudu na iliyo nzima huleta mzigo mchafu, mzigo hukataliwa au hushushwa daraja, na sisi viongozi tunasema ni mvivu.

Hata katika mavuno yenyewe jambo hili limepimwa. Mwaka 2018 zilitangazwa habari za wachumaji wa chai wa Assam, nchini India, wote wenye miaka 40 na zaidi. Wengine walipewa miwani ya karibu mapema, wengine wakasubiri. Waliopewa walichuma zaidi ya wenzao kwa karibu asilimia 22, na kwa wale waliopita miaka 50 tofauti ilizidi asilimia 30. Sijui mbolea yoyote ambayo mtu huivaa puani ikaleta ongezeko la namna hiyo.

Miwani yenyewe ni kitu rahisi. Namba yake huandikwa kwa alama ya kujumlisha: aghalabu mtu huanza na +1, akifika miaka 50 na kitu huhitaji +2 hivi, na karibu na miaka 60 hufika +2.5 au zaidi, kisha namba hutulia. Miwani iliyo tayari, ile inayouzwa sokoni, huwafaa wengi ambao macho yao mawili yanalingana, na kwa kawaida bei yake haifiki debe moja la mbaazi katika msimu wenye bei ya kuridhisha. Hata hivyo nashauri mtu apimwe kwanza, kwa sababu nitakazozitaja mbele.

Kuna neno linalosemwa sana vijijini, kwamba ukianza kuvaa miwani macho yatazoea na kulegea. Lenzi itaendelea kukomaa ukivaa, na itaendelea kukomaa usipovaa. Tofauti ni kwamba asiyevaa ataendelea kuandika sita mahali pa nane. Tena wapo wanaoijaribu miwani ya kusomea, wakatoka nje nayo, wakautazama Mlima Kwaraa wakauona umefunikwa na ukungu, wakairudisha kwa muuzaji wakisema ni mbovu. Miwani ya karibu ni ya karibu. Mlima hautazamwi kwayo.

Ndugu wajumbe, hapo ndipo mwisho wa habari rahisi. Ya pili ni nzito zaidi, na watu wengi huichanganya na ile ya kwanza.

Lenzi ileile ambayo imekuwa ngumu huweza, miaka ikizidi, kupoteza uangavu wake. Mmeona ute wa yai: ukiwa mbichi unapitisha nuru, ukipata moto huwa mweupe. Ndani ya lenzi nako kuna protini, nazo zikishikamana hufanya utando unaozuia nuru. Hiyo ndiyo kataraka, ambayo kwa lugha yetu huitwa mtoto wa jicho. Jina hili limezoeleka nami nitalitumia, lakini linadanganya, maana humfanya mtu adhani kuna kitu kimeingia au kimeota juu ya jicho, ambacho dawa inaweza kukisafisha au mganga kukikwangua. Hakuna kilichoingia. Ni lenzi yako mwenyewe imechafuka kwa ndani. Umri ndio sababu kubwa. Kisukari huiharakisha, hali kadhalika uvutaji wa sigara, jeraha la jicho, jua kali la miaka mingi, na dawa za jamii ya steroidi zikitumiwa muda mrefu.

Dalili zake si kama zile za kwanza. Mwenye macho ya utu uzima haoni karibu, lakini mbali anaona. Mwenye mtoto wa jicho huona ukungu karibu na mbali, taa za magari usiku humtawanyikia kama miali, jua la adhuhuri humkera, na rangi hufifia. Tena iko dalili moja ambayo watu huishangilia. Mzee aliyekuwa akisoma kwa miwani kwa miaka 15 siku moja anaiweka kando, anasoma bila miwani, na nyumba nzima inafurahi kwamba macho ya babu yamerudi ujanani. Hayajarudi. Lenzi inapoanza kuchafuka katikati hubadili nguvu yake, na kwa muda humpa mtu uwezo wa kuona karibu huku ikimnyang'anya wa mbali. Babu wa namna hiyo apelekwe hospitali.

Katika chama chetu alikuwako mama mwingine, mmoja wa wale waliochangia hisa za mwanzo kabisa. Mikutanoni alikaa safu ya mbele na kuuliza maswali yaliyotutoa jasho. Akaanza kukosa. Watu wakasema amekuwa na kiburi, anapishana na wenzake njiani bila kusalimu. Malipo yake akawa anachukua mjukuu, na dole gumba la mama lilikuwa likiletwa limekwisha kupigwa kwenye karatasi. Mimi, niliyekuwa nimeokolewa na miwani ya mkaguzi, sikutambua kitu. Muuguzi aliyekuja kijijini kwa chanjo ndiye aliyemwona mama huyo akipapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe mchana kweupe, akamulika macho yake kwa tochi, akaona mboni nyeupe zote mbili.

Nilipokwenda kumwona nilimwuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Mwanangu, niseme ili wauze mbuzi kwa ajili ya macho ya mtu anayekwenda kaburini?" Baadaye nilipata kujua kwamba jibu hilo si lake peke yake. Watafiti waliofanya kazi mkoani Kilimanjaro walichapisha mwaka 2005 kwamba suala la mzee kufanyiwa upasuaji au kutofanyiwa ni suala la familia nzima. Wazee wengi huona haya kuomba, na watoto husubiri waombwe. Yanajulikana pia kwamba wanawake hufikishwa kwenye upasuaji wachache kuliko wanaume, ingawa ugonjwa hauwapungukii. Kwa hiyo asiyeomba asihesabiwe kuwa hahitaji.

Mama yule alifanyiwa upasuaji hospitali ya rufaa, jicho moja kwanza, la pili miezi kadhaa baadaye. Watu huuogopa upasuaji huu kuliko unavyostahili. Jicho hutiwa ganzi, mgonjwa yu macho na anasikia mazungumzo, na kazi yenyewe aghalabu haifiki nusu saa. Lenzi iliyochafuka hutolewa, na mahali pake huwekwa nyingine ndogo ya bandia. Ufundi huu wa lenzi ya bandia ulianzia London mwaka 1949, kwa daktari Harold Ridley, ambaye katika vita alikuwa ameona vipande vya dirisha la ndege vikikaa ndani ya macho ya marubani bila kuyaghasi. Wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Leo karibu kila anayefanyiwa upasuaji huo duniani hutembea na urithi wake jichoni. Kwetu huku kaskazini wataalamu wa kazi hii wamekuwa wakifundishwa katika Hospitali ya KCMC, Moshi, ambayo ilifunguliwa mwaka 1971.

Mambo matatu juu ya upasuaji huu nayasisitiza, kwa kuwa nimeyaona yakiharibu. Kwanza, habari ya kungoja mpaka mtoto wa jicho "aive" ni ya zamani. Mtu hupasuliwa pale uoni unapomzuia kufanya shughuli zake. Akingoja mno lenzi huweza kuvimba au kuvuja, ikaleta maumivu na shinikizo linaloua jicho. Pili, baada ya upasuaji dawa za matone hutiwa kwa wiki kadhaa kama daktari alivyoagiza, jicho halifikichwi, na ndoo ya maji haibebwi mpaka aseme. Tatu, na hili huwavunja moyo wengi wasioelezwa, lenzi ya bandia ya kawaida haijituni. Aliyepasuliwa vizuri ataona mbali, ila kwa kusoma huenda akahitaji miwani ileile ya karibu. Upasuaji haukushindwa.

Dawa ya matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho haipo. Nasema hivyo kwa sababu kila mnada hapa kwetu hupata mtu mwenye chupa. Maji ya mimea, maziwa, mkojo na majivu yanayotiwa machoni huleta vidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho, na kovu la hapo ni gumu kuponya kuliko mtoto wa jicho mwenyewe. Na dawa zenye steroidi, zinazonunuliwa dukani bila cheti cha daktari kwa sababu zinaondoa wekundu haraka, zinaweza kuleta mtoto wa jicho pamoja na glakoma.

Glakoma ndiyo sababu ya kusema kwamba mtu apimwe hata kama miwani ya sokoni imemfaa. Ugonjwa huu, ambao wengi huuita presha ya macho, hula uoni kutoka pembeni, polepole, mara nyingi bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi kwa miwani wala kwa kisu. Dawa na upasuaji huzuia tu kilichobaki kisiliwe. Mwenye mzazi au ndugu aliyepata glakoma asisubiri dalili. Mwenye kisukari naye apimwe macho kila mwaka. Na mboni nyeupe ikionekana kwa mtoto mdogo, hilo si jambo la kungoja msimu uishe. Apelekwe wiki hiyohiyo.

Mtaniuliza haya yote yanakihusu vipi chama cha ushirika, ilhali hospitali zipo. Chama chetu kinasimama juu ya tarakimu ambayo watu wawili wameiona pamoja, aliyeleta mzigo na aliyepokea. Mmoja wao akiwa haoni, ile si stakabadhi tena, ni imani tu, na imani huisha siku ya malipo. Hivi sasa fedha nyingi hupitia simu. Mzee asiyeona maandishi ya simu humpa mjukuu simu pamoja na namba ya siri. Wajukuu wengi ni waaminifu. Lakini katibu asiyejua ni nani anayesoma ujumbe wa mwanachama wake hajui anamlipa nani.

Basi ninayopendekeza ni haya. Kila ofisi ya chama iwe na miwani miwili au mitatu ya karibu, ya namba mbalimbali, imefungwa kamba mezani kama tunavyoifunga kalamu, ili mwanachama asome kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Anayepima aitamke namba kwa sauti, mwanachama airudie, na katibu aandike kwa tarakimu na kwa maneno, kwa kuwa ni vigumu kuandika "themanini na sita" ukidhani ni sitini na sita. Mzigo wa jioni upokewe chini ya taa ya kutosha, au ungoje asubuhi. Na katika orodha ya wanachama katibu awatazame waliokuwa wakihudhuria na sasa hawahudhurii, awatembelee kabla hajaandika kwamba wamelegea.

Juu ya gharama, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 kuwa mzee, na serikali imeagiza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Najua kwamba kutoka agizo mpaka dirisha la hospitali kuna safari. Katibu anayeandika barua nzuri na kumpeleka mzee kwa ofisa ustawi wa jamii huifupisha safari hiyo. Nauli na chakula cha msindikizaji ndivyo vinavyowashinda wengi, na hapo mkutano mkuu unaweza kuidhinisha fungu dogo. Tangu mwaka 1995 kujali jamii kumeandikwa miongoni mwa kanuni saba za ushirika duniani, wala hatuhitaji sheria mpya. Kabla ya kumsafirisha mtu, ulizeni kwanza katika hospitali yetu ya rufaa ya mkoa hapa Babati ni siku gani wataalamu wa macho wanaona wagonjwa, na kliniki za vijijini zinapangwa lini.

Yule mama wa hisa za mwanzo alirudi mkutanoni mwaka uliofuata. Alikaa safu ya mbele, akaomba taarifa ya mapato na matumizi, akavaa miwani, akasoma ukurasa wa tatu, akauliza kwa nini fungu la usafiri limezidi. Mwenyekiti wetu wa wakati ule alinitazama mimi kana kwamba nimemfanyia ubaya.

Ndugu Mwenyekiti, nimeweka kitabu cha stakabadhi juu ya meza ile iliyo karibu na dirisha. Ningeomba kila katibu apite hapo kabla ya chakula, akishike kitabu sentimita 40 kutoka usoni, ambao ni urefu wa kutoka kiwikoni mpaka ncha za vidole na usizidi sana, afunike jicho moja asome, kisha afunike la pili asome tena. Asiyeweza kusoma kwa jicho lolote asiondoke bila kuandikisha jina lake kwa muuguzi tuliyekuja naye. Maswali nitayajibu hapohapo mezani.